Asili ya jina la ukoo Lefebvre

Ndugu, umeuliza jina Lefebvre limetoka wapi na kwa nini lina herufi b isiyotamkwa. Ni jina la mhunzi, kutoka neno la Kilatini faber, lililokuwa fevre katika Kifaransa cha kale. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilihitaji mtu wa kufua majembe na viatu vya farasi, lilizuka mahali pengi miongoni mwa watu wasio na undugu wowote. Herufi b iliongezwa na makarani waliotaka asili ya Kilatini ionekane, na kwa kuwa enzi hizo u na v hazikutofautishwa katika maandishi, wengine waliisoma v kama u, ndipo likazaliwa Lefébure. Lefebvre limeenea hasa kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia Nord hadi Normandie. Kusini, kwa maana hiyohiyo ya mhunzi, utakutana na Fabre na Faure, na Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ni Le Goff. Wahamiaji walilifikisha Quebec, Kanada, pia. Nakusihi usiunganishe koo mbili kwa jina pekee: tafuta kwanza kijiji, kisha madaftari ya ubatizo, ambayo amri ya mfalme wa Ufaransa iitwayo ya Villers-Cotterêts, ya mwaka 1539, iliwaagiza maparoko kuyaandika.