Mbwa mwoga, kifafa, na vidonge vya saa moja

Miezi kadhaa iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba nyumbani nina Karanga, jike mwenye rangi ya maganda ya njugu aliyeokotwa nyuma ya soko la Kongowea, mwoga wa kila kitu, na tena ana kifafa. Maswali yaliyofuata sikuweza kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimechagua haya. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mlezi wa muda, yaani mtu wa kumpa mbwa pa kulala mpaka apate nyumba yake ya kudumu. Penye dawa, neno la mwisho ni la daktari wenu.

Nimempokea mbwa kwa muda. Leo siku ya nne amejibanza nyuma ya tangi la maji, anakula usiku tukishalala. Tumvute atoke? (Mtwapa)

Msimvute. Huenda hapo nyuma ya tangi ndipo mahali pake pa kwanza ambapo hajatupiwa jiwe, na nyinyi mnataka kumtoa. Mtandikieni gunia, mwekeeni maji karibu, na watoto waambiwe kwamba upande ule una mwenyewe.

Kwa Karanga nilifanya hivi. Kila jioni niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimempa ubavu, ninachambua mchele kwenye sinia. Simtazami wala simsemeshi. Nikishatoa chuya kama tano hivi, narusha kipande cha ini la kuku lililochemshwa. Mwanzoni nilikirusha karibu naye, baadaye nusu ya njia. Siku ya tisa ilitoka pua. Siku ya kumi na mbili alikula karibu na miguu yangu, shingo ameinyoosha mbele na miguu ya nyuma ameiacha nyuma kabisa, tayari kwa mbio. Mchele wa wiki hizo ulikuwa safi, haujapata kuwa safi vile.

Mbwa mwoga akikodolewa macho anaona ametangaziwa vita. Mkono unaomshukia kichwani kutoka juu anaujua: ndio ule ulioshika fimbo. Akija, mkune kifuani au shavuni, kisha uache uone kama anataka tena. Walezi wana hesabu yao ya kukadiria, siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 ndipo ajione yuko kwao. Hesabu hiyo Karanga hakuletewa habari yake. Mwezi wa tano alikuwa bado anaruka akiona ufagio.

Jambo moja tu nawaonya nalo, lango. Mbwa mwoga akishtuliwa na honi ya matatu hupita upenyo ambao hata paka angeufikiria, na akishatoka hajui jina lake wala njia ya kurudi. Wiki za mwanzo mfungeni kamba mbili, moja ya ukosi na moja ya mkanda wa kifuani, hata kama mnamtembeza uani. Ukosi uwe na nambari ya simu.

Jana mbwa tuliyemwokota alianguka, akatetemeka, akatoa povu na kujikojolea. Msaidizi wetu alimtia kijiko kinywani. Jirani anasema ni kichaa, auawe. (Kisauni)

Tuanze na kijiko. Mbwa hamezi ulimi wake. Ukimtia kitu kinywani utavunja jino lake au utapoteza kidole chako. Akianguka usimshike wala usimkandamize. Sogeza viti na meza, mzuie asiviringike kwenye ngazi, zima redio, toa watoto, halafu utazame saa. Bila saa, dakika moja ya kifafa utaapa ilikuwa nusu saa. Mara nyingi huisha ndani ya dakika 2 au 3. Kikizidi dakika 5, au akianguka mara mbili ndani ya saa 24, ni kwa daktari sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Hapa pwani kuna joto pia: misuli ikitetemeka mwili huchemka, kwa hiyo washa feni, na ukiona amepata joto sana mlowanishe nyayo na tumbo kwa maji ya bomba, si ya barafu. Mwenye mikono mitupu apige video ya simu. Daktari atajifunza mengi humo kuliko katika maelezo yenu.

Akiinuka huenda asione kwa muda, agonge kuta, azunguke chumba, asiwajue. Saa hiyo hata mbwa asiyewahi kuuma anaweza kuuma, hasa aliye mwoga. Abaki mtu mmoja, sauti moja ya chini. Wengine wote wakae mbali.

Jirani hakukosea kuogopa, kakosea kuharakisha. Kichaa cha mbwa kipo nchini na kinaua. Lakini mbwa wa kifafa, baada ya saa chache au siku moja, huwa yule yule mliyemjua. Wa kichaa hali yake huzidi kuharibika kila siku: tabia hubadilika, kumeza humshinda, miguu humlegea, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Wenu ameokotwa na hamjui kama amechanjwa, kwa hiyo atengwe, mate yake yasiguswe kwa mkono mtupu, na daktari amwone leo. Kama kuna aliyeumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Asingoje kuona mbwa ataishia vipi.

Tena si kila mtetemeko ni kifafa. Kuna sumu ya panya, kuna dawa ya kupe iliyochanganywa nzito mno, kuna ugonjwa wa distempa kwa wasiochanjwa, kuna sukari kushuka kwa vitoto. Kifafa chenyewe, kile kisicho na chanzo kinachoonekana, mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Daktari hupima damu na kuyaondoa hayo mengine kwanza, na kifafa ndilo jina linalobaki.

Hakiambukizi, wala si jini. Zamani tulimsingizia nondo wa usiku kwamba ndiye anayewaangusha watoto, tukaita maradhi yale degedege kwa jina lake. Nondo wa watu hakuwa na habari.

Miezi minne hajaanguka. Tunaweza kupumzisha dawa? (Thika)

Hapana. Hajaanguka kwa sababu anakunywa dawa. Fenobabitoni, dawa ya kifafa wanayopewa wengi, ikikatwa ghafla inaweza kuleta mishtuko ya mfululizo, mibaya kuliko ile ya mwanzo. Kupunguza ni kazi ya daktari, kidogo kidogo, kwa miezi. Vidonge vikibaki vya siku kumi, kanunueni vingine. Hivi haviuzwi bila cheti cha daktari, na Jumapili usiku hutampata wa kukuandikia.

Tangu aanze vidonge anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ndani, na juzi alibeba ugali wote na sufuria yake. (Kilifi)

Fenobabitoni hiyo. Wiki mbili za kwanza atayumba pia kama mlevi wa mnazi, kisha mwili huzoea, ingawa njaa huwa haiondoki yote. Maji msimnyime. Mtoeni nje mara nyingi zaidi, na akikojoa ndani futeni mkanyamaza, maana mbwa mwoga akikaripiwa kwa mkojo hujifunza kukojoa mafichoni. Ugali mpimieni, jazieni malenge yaliyochemshwa bila kitunguu, na sufuria iwekwe juu. Akinenepa, hata kipimo cha dawa huvurugika kwa kuwa hukadiriwa kwa uzito. Damu ipimwe wiki mbili hivi baada ya kuanza vidonge, ionyeshe kiwango cha dawa, na ini liangaliwe kila miezi sita. Ufizi au macho yakigeuka manjano, msingoje tarehe.

Wengine huongezewa dawa ya pili, bromidi ya potasiamu, na hapo sisi wa pwani tuna jambo letu. Chumvi ikizidi mwilini, figo huitoa bromidi nje haraka. Ikipungua, bromidi hujaa. Kwa hiyo mbwa hapewi ng'onda leo na wali mtupu kesho. Chagueni chakula kimoja mbaki nacho. Na ufukweni msimwachie anywe maji ya bahari. Nimewahi kumwona mbwa aliyetulia mwaka mzima akianguka baada ya wikendi moja ya kuogelea, na mwenyewe anaapa hakuruka hata kidonge kimoja. Hakuwa anadanganya.

Mume wangu ni mtu wa dini sana. Naweza kumlea mbwa mgonjwa bila kumkwaza? (Malindi)

Nami ni Mwislamu, na hukumu ya nyumbani kwako ataitoa shehe wako, si mimi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi wa mifugo na mazao, na wa kuwinda, wana ruhusa inayojulikana. Kwangu mbwa ana banda uani, vyombo vyake haviingii jikoni, na kuna dera kuukuu limetundikwa nje ambalo halina kazi nyingine. Kidonge nakificha ndani ya kipande cha samaki asiye na chumvi, namrushia, anameza; mate hayanigusi. Mume akisita, mkumbushe ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Mwambie kwa upole, na usimwambie wakati ana njaa.

Natafuta mbwa mkali wa kulinda shamba. Karanga atafaa? (Voi)

Hatafaa. Mwizi akija, Karanga atakuwa wa kwanza kukimbia. Tena kifafa hupenda kuja mbwa akiwa amepumzika au amelala, na aliyefungwa mnyororo peke yake usiku anaweza kujinyonga kabla hujaamka.

Amepatikana anayemtaka mbwa ninayemlea. Mwenzangu anasema nikitaja kifafa atakimbia, ninyamaze kwanza hadi wazoeane. (Nairobi)

Na akianguka siku ya tatu, saa nane usiku, mbele ya mtu asiyejua chochote? Atadhani ni kichaa, kama jirani wa Kisauni. Hapo rungu halipo mbali. Wewe hutakuwepo kueleza.

Mwambie yote kabla hajamwona mbwa, maana akishamwona macho yatamshinda. Mwonyeshe video ya kifafa mwanzo hadi mwisho. Mpe daftari lenye tarehe ya kila mshtuko na dakika zake, mpe na risiti za dawa na vipimo ajue gharama ya mwezi. Watatu kati ya wanne watakushukuru wakaondoka. Waache waende. Aliyebaki muulize swali moja kabla ya yote: nani yuko nyumbani saa moja asubuhi na saa moja usiku, kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo? Dawa ni kila saa 12, na saa za Kiswahili zimetufanyia wema kwa kuwa moja inaifuata moja.

Nasema hivi kwa kosa langu mwenyewe. Kabla ya Karanga nilimtoa dume mmoja kwa familia nzuri, nikaandika juu ya pakiti kwa kalamu nene: 7 na 7. Baba alielewa. Aliyekuwa akimlisha mbwa ni msaidizi wa nyumbani, akasoma saba: saa saba mchana, saa saba usiku. Ya mchana alimpa. Ya usiku akaona ni wazimu, nani anaamka saa saba kumpa mbwa kidonge? Siku ya nne simu ikalia. Mbwa alipona, lakini tangu siku hiyo naandika kwa maneno, tena nakaa chini na yule yule atakayeshika kidonge: asubuhi watoto wakivaa viatu vya shule, usiku taarifa ya habari ya Kiswahili ikianza.

Mengine ni madogo. Awe amefungwa kizazi kabla hajaondoka, kwa kuwa kifafa huweza kurithiwa na joto la uzazi huchochea mishtuko. Nenda ukaone lango lao na ngazi zao. Anayemtaka aje kwako mara tatu nne, umpe ndoo na sinia la mchele, mbwa azoee harufu yake akiwa bado kwake. Mpe dawa za mwezi mzima. Andikianeni kwamba akishindwa, hata baada ya miaka mitano, mbwa anarudi kwako, haendi kwa mtu wa tatu.

Nilimkabidhi wiki iliyopita na bado nalia. Niende kumwona? (Likoni)

Bado. Mpelekee gunia lake bila kulifua, na wewe ubaki nyumbani ulie. Ukitokea sasa utamfumulia alichoanza kushona.

Karanga yuko Shanzu kwa mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Nilingoja wiki sita. Nilipofika alininusa vidole, akatikisa mkia mara mbili, akarudi kulala chini ya kiti cha mwalimu. Tulizungumza weee, chai ikapoa. Saa moja kasoro dakika tano, Karanga aliinuka, akajinyoosha, akaenda kusimama mbele ya kabati, akaitazama ile droo ya juu.