Jibu langu kwa mdogo wangu aliyeko Holili kuhusu mpaka wa Gibraltar

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli mpaka wa Gibraltar unafutwa, na kama sasa unaweza kushukia uwanja wa ndege wa Gibraltar kisha ukatembea kwa miguu mpaka kwangu La Línea, mji wa Hispania uliopakana nayo. Nakujibu bila kukuficha kitu.

Gibraltar ni eneo la Uingereza kwenye ncha ya kusini ya Hispania, kipande kisichofika kilomita za mraba 7. Waingereza walikiteka 1704, Hispania ikakiachia kwa Mkataba wa Utrecht wa 1713, na mpaka leo inakidai. Mwaka 2016, asilimia 96 ya waliopiga kura Gibraltar walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, lakini Uingereza ilipotoka nao wakatoka. Hofu ikaingia nyumbani kwetu. Shemeji yako ni fundi ujenzi upande ule, na watu kama 15,000 huvuka kila siku kwenda kazini. Huku La Línea kazi ni za kuokoteza. Lango likibanwa, jikoni hakuwaki moto.

Bibi ninayemlea hapa mjini anajua lango kufungwa ni nini. Franco, mtawala wa Hispania, alipolifunga Juni 1969, yeye alikuwa ndio kwanza ameolewa, na dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo, Gibraltar. Simu zikakatwa, feri ya kutoka Algeciras, bandari ya Hispania iliyo jirani, ikasimamishwa. Ndugu wakawa wanasimama huku na huku ya uzio wakipigiana kelele: fulani kajifungua, fulani kafariki. Watoto wachanga wananyanyuliwa juu ili shangazi awaone kwa mbali. Kumshika mkono mtu aliyeko hatua mia mbili, ilibidi uzunguke kwa meli hadi Tangier, Morocco. Waenda kwa miguu waliruhusiwa tena Desemba 1982, magari 1985.

Aliponisimulia nilishindwa kuendelea kumchana nywele. Nilimwona akilini bibi yetu, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, mdogo wake akiwa Taveta, upande wa Kenya. Mpaka 1983! Wewe hukuwepo, lakini muulize.

Kwa hiyo makubaliano ya 11 Juni 2025 kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya nayaheshimu sana. Ukaguzi wa watu na mizigo unaondolewa pale kwenye uzio. Anayetoka mbali anakaguliwa uwanja wa ndege na bandarini: kwanza afisa wa Gibraltar, kisha afisa wa Hispania kwa niaba ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Ni kama kituo chetu cha pamoja hapo Holili, maafisa wa nchi mbili wanakaa pamoja. Gibraltar nayo itatoza kodi kwenye bidhaa, kuanzia asilimia 15 hadi ifike 17, maana tofauti ya bei, hasa ya sigara, imelisha magendo hapa miaka mingi. Na kuhusu Mwamba, yaani Gibraltar yenyewe, ni wa nani, kila upande umeshikilia msimamo wake uleule. Wameacha kesi ya shamba ilivyo, wakakubaliana njia ya kupita. Laiti wangefanya hivyo 1969.

Sasa wewe. Huyo afisa wa Hispania atakudai viza ya Schengen, sawasawa na vile ungeshukia Madrid. Makubaliano haya yanamfaa mwenye karatasi zake tayari. Anayekuambia kuna "njia ya Gibraltar" na anataka umlipe, usimpe hata shilingi, na shamba la Himo lisiguswe.

Najua unaona picha zangu za ufukweni. Usichokiona ni miaka mitatu niliyokaa bila kibali. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa akiniambia mkataba ni kesho, ni kesho, huku nikifanya kazi siku saba. Ndiyo maana sikuja kumzika baba. Watu walisema nimejisahau Ulaya. Sikujisahau. Ningetoka, nisingeweza kurudi, na ada yako ya chuo ilikuwa inatoka kwenye hiyo kazi.

Ukitaka kuja, njoo kwa viza ya masomo. Fomu nitakusaidia kujaza, na chumba kipo.

Bibi wa huku ameniomba siku wakianza kuuondoa uzio nimsukume hadi pale kwa kiti chake cha magurudumu. Dada yake hayupo tena, lakini anataka aone. Nitakutumia picha. Umwonyeshe bibi.