Subaru Impreza WRX ya 1998 haishuki bei kama gari la saluni la kawaida

Unauliza kama Impreza WRX ya 1998 huzidi kushuka bei kila mwaka? La, ndugu, iliyotunzwa haiendelei kupoteza thamani kila mwaka, kwa sababu Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na hivyo zilizobaki nchini hazina mbadala utakaoshushwa bandarini Mombasa. Halafu kuna mapenzi: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza, na mngurumo ule wa kudundadunda, unaotokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kwenye injini ya boksa (ile ambayo pistoni zake zimelala pande mbili), bado huwageuza watu shingo Ngong Road, Nairobi. Mimi ninayo, na redio huwa naizima ili niusikie.

Hata hivyo, bei nzuri ni ya gari ambalo halijachezewa. Kabla ya kulipa, hakikisha namba ya injini inalingana na iliyo kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, kisha uliza mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali ziende sambamba na pistoni, ulibadilishwa lini, kwa kuwa ukikatika vali hugonga pistoni.