Taa ya ABS Ikiwaka, Usikimbilie Duka la Spea

Taa ya njano ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi, gereji nyingi hapa Arusha zina jibu tayari hata gari halijapigwa jeki: "Sensa imekufa hiyo bosi, lete mpya." Wanamaanisha kile kifaa kidogo kwenye kila tairi kinachosoma mwendo wake. Kuna siku ni kweli. Ila kwa pikapu za kazi kama yangu, inayoshusha vitunguu vya Mang'ola pale soko la Kilombero, mara nyingi nimekuta sensa ni nzima kabisa na ubovu uko pembeni yake.

Tuanze na usalama. Taa hiyo ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo. Kilichojizima ni ABS yenyewe, yaani ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga ghafla. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, hapo paki gari na uangalie mafuta ya breki. Huenda yamepungua, au hata ule mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umezima, na pikapu isiyo na mzigo ikifunga tairi za nyuma kwenye lami yenye maji huwa inageuka yenyewe.

Kisha dai kusomewa kodi za hitilafu, yaani namba za ubovu ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vingi husoma injini tu, kwa hiyo mwulize fundi kabla hujamlipa kama mashine yake inaingia kwenye ABS. Kwa Toyota, C0200 ni tairi ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Kodi inakuonyesha kona ya gari yenye shida. Haijasema sensa ndiyo mbovu. Inaweza kuwa waya, soketi, beringi, au uchafu.

Na uchafu wa huku kwetu si wa kawaida. Udongo wetu ni wa volkano, na ule mchanga mweusi una chembechembe za chuma. Sensa za aina ya zamani zina sumaku ndani. Ukiichomoa baada ya safari nyingi za vumbi, unakuta ncha yake imeota ndevu nyeusi za mchanga na unga wa chuma kutoka kwenye disiki. Zifute kwa kitambaa, kisha mulika tochi kwenye ile pete ya meno inayozunguka na tairi uone kama jino limevunjika au tope limekauka katikati. Dalili ya kona kama hiyo ni kwamba unakaribia kusimama, mwendo umeshuka hadi kama kilomita 10 kwa saa, barabara ni kavu, lakini pedali inatetemeka na kunguruma mguuni. Wengi hubadilisha disiki bure kwa sababu ya hilo.

Baada ya hapo fuata waya kwa mkono, kuanzia sensa hadi soketi. Wa mbele ndio unaoteseka, maana unakunjwa kila ukikata kona na kuvutwa kila tairi ikiingia shimoni. Ngozi ya nje inaweza kuonekana nzuri huku nyuzi za ndani zimekatika. Chomoa soketi, angalia kama kuna ukijani wa kutu kwenye pini, kisha weka mita ya umeme. Sensa yenye sumaku, ambayo haihitaji kuletewa umeme, kwa kawaida husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 800 na 2,500. Pima na ya upande wa pili ulinganishe. Wakati mita iko pale, tikisa waya na umwombe mtu azungushe usukani. Namba zikirukaruka, umepata mchawi. Gari nyingi za miaka ya karibuni zina sensa zinazoletewa umeme, na hizo usizipime omu kabisa, unaweza kuziua. Washa swichi upime tu kama umeme unafika kwenye soketi.

Kama taa imewaka mara tu baada ya kubadilishiwa beringi, acha sensa, mrudie fundi. Beringi nyingi za sasa zina pete ya sumaku upande mmoja, na upande huo lazima utazame sensa. Ikipigwa kinyume, utanunua sensa mpaka uchoke.

Imethibitika sensa imekufa? Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazifanani urefu wa waya wala vishikizo. Mimi sensa ya mtumba sinunui, maana waya wake umeshakunjwa miaka kwenye gari la mtu mwingine. Kuichomoa ndiko kwenye kazi. Bolti mara nyingi ni moja, ya spana namba 10, lakini mwili wa sensa huwa umeshikwa na kutu. Pulizia dawa ya kutu, subiri, kisha izungushe taratibu huku na huku. Ukiipiga kwa bisibisi, kichwa cha plastiki kinabaki mkononi na shina linabaki ndani. Tundu lisugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kwani kutu kidogo tu chini ya sensa huinyanyua mbali na pete, na hata mpya haitasoma vizuri. Iingize kwa vidole, nyundo iweke mbali.

Wapo madereva wa safari za porini wanaochomoa fyuzi ya ABS makusudi, na kwenye kokoto zilizolegea wana hoja: tairi iliyojifunga hukusanya kokoto mbele yake na gari husimama mapema zaidi. Lakini mimi narudi na mzigo kwa lami, mvua za masika zikinyesha, bodaboda wakikatiza. Naitaka ABS yangu.

Anayenunua pikapu ya mkononi naye afanye hivi: washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mkubwa balbu imeng'olewa ili usiulize.

Ukishafunga sensa mpya, rudisha waya kwenye vishikizo vyake vyote, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone haugusi tairi, futa kodi, kisha toka hadi Kisongo na kurudi. Taa ikirudi kuwaka kwa kodi ileile, usinunue sensa ya pili. Rudi kwenye waya.