Maswali ya Wasomaji: Kuwafundisha Vijana Misingi ya Serikali ya Marekani

SWALI: Ndugu Mshauri, nimepewa kufundisha somo la serikali katika shule ya sekondari, darasa la 12, hapa Ohio. Mimi sikuzaliwa Marekani; Katiba ya nchi hii niliisoma nikiwa mtu mzima, nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa uraia. Wanafunzi wangu wanaitaja mihimili mitatu ya dola bila kusita, lakini nikiwauliza kwa nini ikawa mitatu na kwa nini iliachiwa nafasi ya kuzuiana, wananyamaza. Nina majuma matatu tu ya kufundisha misingi. Nianzie wapi? – Mwalimu, Columbus.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anzia pale serikali ya kwanza iliposhindwa. Mara nyingi sisi walimu husoma Tamko la Uhuru la mwaka 1776 kwa sauti ya heshima, kisha tukaruka hadi mwaka 1787, kana kwamba Katiba ilikuwa imekwisha kuandikwa na kubaki kutiwa saini tu. Jibu la swali lako limo katika miaka 11 iliyo katikati, na kijana asiyeipitia miaka hiyo hawezi kujua mihimili ile ilijengwa kuzuia nini.

Makala za Shirikisho, yaani katiba ya kwanza ya nchi, zilizoanza kutumika mwaka 1781, ziliyaunganisha majimbo 13 chini ya Kongresi isiyo na mkuu wa utendaji, isiyo na mahakama za taifa za kudumu, na isiyo na uwezo wa kutoza kodi. Kongresi iliweza kuyaomba majimbo fedha, nayo yaliweza kuchelewa, kutoa nusu au kukaa kimya. Kubadili chochote katika makala hizo kulihitaji ridhaa ya majimbo yote. Mwaka huohuo wa 1781 Kongresi iliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini ili ilipe madeni ya vita. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likakataa mwaka uliofuata, na mpango mzima ukafa.

Ligeuze jambo hilo kuwa zoezi. Wagawe wanafunzi wako katika makundi 13, kila kundi liwe jimbo, uwape deni moja la kulipa kwa pamoja, na kwa siri uliagize kundi moja lisikubali kwa vyovyote. Nimelifanya zoezi hili kwa miaka mingi, na kila mara kelele huanza kabla ya dakika ya kumi. Wengine hubembeleza, wengine hutisha, na mwishowe kuna atakayesimama aseme kwamba haifai mmoja awafunge mikono 12. Usimpongeze upesi, mpe chaki, aandike ubaoni kanuni anayoitaka badala ya ile. Akiandika kwamba wengi waamue, kundi la jimbo dogo litapiga kelele kwamba sasa litamezwa, na hapo darasa lako limeingia Philadelphia, mji ilikoandikwa Katiba, bila wewe kulisukuma.

Baada ya hapo wasimulie habari za Massachusetts magharibi, ambako mwaka 1786 wakulima waliolemewa na madeni na kodi, wengi wao wakiwa wamepigana katika vita vya uhuru, walizifunga mahakama ili mashamba yao yasinadiwe. Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita hivyo, alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwezi Januari 1787 waliiendea ghala ya silaha ya Springfield, wakapigwa mizinga, na wanne wakafa. Kongresi haikuwa na jeshi la maana la kupeleka. Jeshi la jimbo lililokwenda kuuzima uasi liligharimiwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Boston. Waulize vijana kila mmoja angesimama upande gani, na usiwakubalie jibu la kusema tu kwamba sheria ni sheria.

Ndipo uwafikishe katika jengo la Philadelphia ambamo wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali kuanzia mwezi Mei 1787, wakiwa wametumwa kurekebisha makala tu, wakaishia kuandika Katiba mpya. Rhode Island haikupeleka mtu. Majimbo makubwa yalitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu, madogo yakataka usawa, na Connecticut ikapendekeza mwafaka ulioleta mabaraza mawili: la Wawakilishi kwa idadi ya watu, na Seneti kwa usawa wa majimbo.

Tafadhali wape vijana Katiba yenyewe mkononi, hata kama ni ukurasa mmoja tu. Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule wa dibaji. Rasimu ya mwezi Agosti 1787 ilianza kwa kusema, sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, na kuendelea kuyataja yote 13 kwa majina. Mwezi Septemba kamati ya kusawazisha lugha, ambayo kalamu yake ilikuwa mikononi mwa Gouverneur Morris, ikayafuta majina yote na kuandika, sisi watu wa Marekani. Sababu ya karibu ilikuwa ya kawaida kabisa: Katiba ingeanza kutumika majimbo tisa yakishairidhia, na hakuna aliyeweza kujua yatakuwa yapi. Lakini Patrick Henry wa Virginia aliuona uzito wa mabadiliko hayo, na katika mkutano wa kuridhia wa mwaka 1788 akauliza ni nani aliyewapa wale ruhusa ya kusema sisi watu badala ya sisi majimbo. Virginia iliridhia kwa kura 89 dhidi ya 79. Ziweke rasimu hizo mbili sambamba, uache darasa likae nazo kipindi kizima.

Kuhusu mihimili kuzuiana, Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa aliyeandika juu ya kutenganisha mamlaka, mtaje kwa kifupi, kisha nenda kwenye tukio moja lenye mwanzo na mwisho. Mimi hutumia la mwaka 1952. Wakati wa vita vya Korea, Rais Truman, akihofia mgomo, aliamuru serikali ivishike viwanda vya chuma. Mahakama ya Juu, ambayo majaji wake wote tisa walikuwa wameteuliwa na yeye au na Roosevelt aliyemtangulia, ilimkatalia kwa kura 6 dhidi ya 3, kwa kuwa Kongresi haikuwa imempa uwezo huo. Katika wanne aliowateua yeye mwenyewe, wawili walimpinga. Truman akavirudisha viwanda. Acha vijana wajiulize kwa nini alitii, ilhali Mahakama haina askari wa kupeleka viwandani.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 alirudi kutoka shuleni akiwa amechukia. Amesoma kwamba Katiba ya Marekani ilimhesabu mtu mweusi kuwa sehemu tatu za tano za mtu, na sasa anasema hataki kusikia habari za waasisi. Nimwambie nini bila kumdanganya? – Mama mzazi, Minnesota.

JIBU: Mama, hasira ya binti yako ina haki, na usijaribu kuizima. Msaidie tu aielekeze mahali penyewe. Kipengele kile kilihusu hesabu ya viti katika Baraza la Wawakilishi na mgawanyo wa kodi, na kiliwagusa waliokuwa watumwa, si kila mtu mweusi, kwa kuwa watu weusi huru walihesabiwa kikamilifu. Tena waliotaka watumwa wahesabiwe wote ni wajumbe wa majimbo ya watumwa, maana kila kichwa kiliwaongezea mabwana viti, na mtumwa mwenyewe hakuwa na kura. Akilielewa hilo ataona kwamba dhuluma ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani: watu walinyimwa kila kitu, kisha idadi yao ikatumiwa kuwapa nguvu waliowanyima.

Mwoneshe pia jinsi walivyolikwepa neno lenyewe. Katiba ya mwaka 1787 inasema watu wengine wote, au mtu aliyefungwa na utumishi. Inakataza Kongresi kuzuia uingizaji wa watu hao kabla ya mwaka 1808. Lakini neno utumwa halimo. Liliingia mwaka 1865, kwa Marekebisho ya 13, siku lilipoandikwa ili jambo lenyewe likomeshwe. Sisi katika Kiswahili tumezoea kutafsiri dibaji ile kwa kusema sisi wananchi, na mwananchi kwetu ni mwenye nchi. Muulize binti yako ni nani aliyekuwa mwenye nchi mwaka 1787, kisha asome Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yaliyotamka kwamba aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, na yale ya 19 ya mwaka 1920 yaliyozuia mtu kunyimwa kura kwa sababu ya kuwa mwanamke. Hapo waasisi hawatakuwa tena watu wa kuabudiwa au kususiwa. Watakuwa watu walioanzisha jambo ambalo wengine waliliumia hadi likapanuka.

SWALI: Je, haki za kusema na kuabudu zilikuwamo katika Katiba tangu ilipotiwa saini? – Mwanafunzi, Maine.

JIBU: Hazikuwamo. Siku chache kabla ya kumaliza, George Mason wa Virginia aliomba iandikwe orodha ya haki, na majimbo yote yaliyokuwapo yakakataa. Tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 walitia saini; Mason alikataa. Ni katika mabishano ya kuridhia ndipo madai yake yalipopata nguvu: Massachusetts ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168, ikiambatanisha marekebisho iliyoyataka. Mwaka 1789 James Madison aliyawasilisha marekebisho katika Kongresi, ambayo iliyapelekea majimbo marekebisho 12, na mwezi Desemba 1791 kumi yalikuwa yameridhiwa. Moja kati ya mawili yaliyobaki, linalohusu mishahara ya wabunge, liliendelea kungoja hadi mwaka 1992, likawa Marekebisho ya 27.