Mchumba wangu alifunga mlango. Je, nami nimezini?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Unguja. Nimeposwa tangu Mfunguo Tano (mwezi wa Safar), barua ilijibiwa na nusu ya mahari imeshaletwa. Siku kumi na moja zilizopita mchumba wangu aliniita nikaione nyumba anayoijenga, akasema mafundi wapo. Nilipofika hapakuwa na fundi hata mmoja. Nakiri kwamba tulikuwa tukizungumza kwa simu usiku, na siku moja kabla ya hapo nilimwachia anibusu. Lakini siku ile nilimwambia sitaki, tusubiri ndoa. Akafunga mlango. Nikamsukuma, nikamwambia tena sitaki, kisha mwili wote ukaniisha nguvu, nikanyamaza mpaka alipomaliza. Nimemwambia mama. Amelia, kisha amesema tusitiri, kwani watu wake wanakuja Ijumaa baada ya alasiri na harusi itaharakishwa. Bibi anasema kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake. Je, mimi ni mzinifu? Ni lazima niolewe naye? Na nikienda kumshitaki, si nitakuwa nimemsingizia, maana sina mashahidi wanne?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Hukuzini. Naanza na neno hili kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Aliyelazimishwa hana dhambi ya zinaa, na hilo si rai yangu wala si jambo ambalo wanavyuoni wamegawanyika. Katika Suratun-Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anawataja wanawake waliokuwa wakilazimishwa machafu na mabwana zao, kisha anasema kwamba baada ya kulazimishwa kwao Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Wail bin Hujr habari ya mwanamke wa Madina aliyetoka kwenda kusali, akavamiwa njiani na mwanamume na kuingiliwa kwa nguvu. Alipofikishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) aliambiwa: nenda, Mwenyezi Mungu amekwisha kukusamehe. Na Imam Bukhari ametenga kitabu kizima juu ya kulazimishwa, ndani yake mna mlango wa mwanamke aliyelazimishwa kuzini kwamba hana adhabu, akaleta humo hukumu ya Sayyidna Umar: mwanamume alipigwa mijeledi na kuhamishwa mji, na msichana hakuguswa, kwa sababu alimlazimisha.

Najua utaniambia: sheikh, yule alikuwa njiani kwenda kusali, mimi nilikwenda kwa miguu yangu nyumbani kwa mwanamume. Ndipo penye fundo, na nataka tukae hapo kidogo.

Kwenda kwako, yale mazungumzo ya usiku na lile busu ni makosa. Sitakuficha, maana umeniuliza dini. Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiyekuwa maharimu wake, yaani jamaa ambaye hawezi kumuoa kabisa, na mchumba si maharimu wako. Toba ya hayo iko baina yako na Mola wako, na mlango wake hauna komeo. Tubu, sali rakaa mbili, na usirudi tena kujichimba kila usiku kwa jambo ambalo umeshamwachia Yeye.

Lakini daftari hilo ni lako, na alilolifanya yeye limeandikwa katika daftari jingine. Msome Nabii Yusuf. Alikuwa faragha, ndani ya nyumba ya mwanamke, na Qur'ani inasema wazi kwamba mwanamke yule alifunga milango. Yusuf akasema najikinga kwa Mwenyezi Mungu, akakimbilia mlangoni, kanzu yake ikachanika kwa nyuma. Yupo Muislamu anayesema kwamba kwa kuwa Yusuf alikuwemo ndani ya nyumba ile, basi aliridhia? Hayupo. Sote tunasoma sura hiyo na sote tunajua nani alimtaka nani. Basi kwa nini akiwa binti wa kwetu ndiye aliyefungiwa mlango, swali la kwanza liwe "alifuata nini kule"? Mimi nimeusikia ulimi huo misikitini na barazani, na kila nikiusikia moyo unaniuma, kwa sababu wanaousema wameihifadhi Suratu Yusuf.

Bibi yako, Mwenyezi Mungu ampe umri, amechukua hadithi sahihi akaiweka pasipo pake. Ni kweli Mtume (S.A.W.) amesema bikira huombwa idhini na idhini yake ni kunyamaza. Hiyo ni posa. Ni walii wake, msimamizi wake wa ndoa, anamuuliza, yuko kwao, miongoni mwa watu wake, ana nafasi ya kusema la na hakuna atakayemgusa, naye anaona haya kutamka ndiyo. Hata hapo wanavyuoni wamesema akilia kilio cha kuonyesha kuchukia, kimya chake si idhini. Vipi basi kimya cha mtu aliyekwisha kusema sitaki mara mbili, mlango umefungwa, na aliyemshika ana nguvu kumshinda? Kimya hicho ni cha khofu. Mwili wa binadamu hufanya hivyo: ulimi hukauka, viungo hulegea, mtu hujiona kama yuko mbali anatazama. Wanawake wengi walionijia na habari kama yako wamenieleza hivyo hivyo, na wote walikuwa wakijilaumu kwa kutopiga kelele. Kukubali ni kwa moyo na hiari. Anayekubali jambo moja hajakubali la pili, na aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo. Ulimwachia akubusu siku moja. Hilo halikumpa ruhusa ya kitu kingine chochote siku nyingine.

Na nisieleweke vibaya na vijana wanaonisoma. Sisemi kwamba wawili wakiridhiana kabla ya ndoa basi ni halali. Ridhaa haihalalishi zinaa. Ninachosema ni kwamba pasipo ridhaa, juu ya haramu hiyo inaongezeka dhuluma kwa mja, na dhuluma kwa mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Mtume (S.A.W.) katika khutba ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alisema damu zenu, mali zenu na heshima zenu ni haramu baina yenu. Kijana unayejitetea kwamba alikuja mwenyewe, au kwamba mahari umeshatoa, hebu niambie: kwa neno lipi mwili wake ulikuwa wako?

Maana kuna wanaosema mchumba ni nusu mke. Ndoa ina walii, ina mashahidi wawili, ina kutamka na kukubali. Posa ni ahadi. Hakuna nusu hapo.

Tuje kwenye mahari, jambo ambalo mama yako ataliuliza hata kama wewe hukuliuliza. Nusu iliyoletwa haijawa yenu, kwani ndoa haikufungwa. Uchumba ukivunjika, irudisheni. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, na ndiyo rai ya Imam Malik pia, mwanamume aliyemwingilia mwanamke kwa nguvu anawajibika kumlipa mahari ya mfano wake, yaani kiasi wanachoolewa nacho wanawake wa ukoo wake walio kama yeye. Hilo ni deni la dhuluma, juu ya adhabu yake. Halimfanyi kuwa mume, na wala halinunui ndoa.

Kwa hivyo, huna lazima ya kuolewa naye. Khansa bint Khidam, mwanamke wa Kiansari, aliozwa na baba yake hali hataki, akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akaivunja ndoa ile. Ndoa hiyo ilikuwa imeshafungwa, na mwozeshaji alikuwa baba mzazi. Wewe hujafungishwa kitu. Na hapa nina la kuungama. Miaka mingi nyuma niliitwa kwenye suluhu kama hii. Wazee wa pande zote mbili walikaa mkekani, tukanywa kahawa, tukasema kijana amekosa, basi amuoe, aibu iishe. Nikasoma na dua. Binti yule alikuwa chumba cha pili na hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi. Alikaa katika ndoa ile miaka minne akifanyiwa usiku yale yale aliyofanyiwa siku ya kwanza. Nimeshamuomba radhi. Namuomba Mwenyezi Mungu asinichukulie kwa muhali wangu wa siku ile, kwa sababu ulikuwa muhali tu: niliona vibaya kuwavunjia wazee neno lao.

Mama yako anasema sitara. Mwambie, kwa upole, sheikh amesema hivi: hadithi ya kumsitiri Muislamu ni ya kweli, na Imam Nawawi alipoisherehesha alieleza kwamba inamhusu mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi. Mwenye kuwadhuru watu hafunikwi, hupelekwa kwa wenye mamlaka, kwani kumfunika kunampa nafasi ya kumrudia mwingine. Anayestahiki kusitiriwa katika nyumba yenu ni wewe. Usitiriwe kwa kuaminiwa, kwa kutosemwa na shangazi zako, kwa kutotangazwa jina lako mtaani.

Umeogopa kusingizia. Mashahidi wanne ni wa adhabu ya zinaa, na ni ngao ya mwanamke asivunjiwe heshima yake. Wanaoigeuza ikawa pingu ya mdomo wake wanaifanya aya ifanye kinyume cha ilichoteremshiwa. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Yule mwanamke wa hadithi ya Wail alilia mbele za watu na mbele ya Mtume, na hakuna aliyemwambia lete wanne au upigwe fimbo themanini. Na kumbuka kanzu ya Yusuf: ushahidi uliosomwa pale ulikuwa ni mchaniko wa nguo. Daktari leo anasoma zaidi ya hayo.

Basi nenda hospitali. Pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na kwako wewe zimeshapita, lakini vipimo vya damu, vya mimba na vya maradhi mengine bado vina wakati wake, na maelezo yako yataandikwa. Nguo za siku ile, kama hukuzifua, zitie katika mfuko wa karatasi, usizitie kwenye plastiki. Anayenisoma na jambo limemfika jana au leo, asikoge, asingoje kikao cha ukoo. Saa zile 72 hazimsubiri mzee yeyote. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na tangu mwaka 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Ndugu zetu wa Bara wajue kwamba sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imesema wazi: si lazima pawe na dalili za kupambana, kama majeraha mwilini, ndipo ithibitike kwamba mwanamke hakuridhia. Na ile ya Kenya ya mwaka 2006 imeeleza kuridhia kuwa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Nilipoisoma nilikumbuka mafakihi wetu na maneno yao ya ridhaa na hiari.

Kushitaki ni haki yako, na wakati wake ni wewe utakayeuamua. Sikulazimishi, umeshalazimishwa vya kutosha. Lakini hospitali usiiache, na usende peke yako. Mchukue shangazi au jamaa mwingine unayemwamini, mwende Alhamisi asubuhi.

Ijumaa watakapokuja, si lazima uwepo nyumbani. Baba yako aambiwe kabla, na mama yako ndiye wa kumwambia; akishindwa, nipigieni simu nije nimwambie mimi. Awapokee wageni kwa adabu, awakabidhi ile nusu ya mahari mbele ya mashahidi wawili, waihesabu, na asipange siku.

Wallahu a'lam.