Kabla ya kuulizia baiskeli, ulizia udongo: Muheza, Pangani na Tongoni

Wiki iliyopita msomaji ametuandikia kutoka Dar es Salaam. Alitoka Muheza, mkoani Tanga, mwezi wa nne kwenda Pangani, akapata pancha mbili kabla ya saa nne asubuhi, mchana tope likamkamata, gia ya nyuma ikakatika, na safari akaimalizia juu ya bodaboda huku baiskeli ameipakata. Swali lake: "Wakuu, ninunue baiskeli gani ili hii isijirudie?"

Usinunue, ndugu. Uliyonayo inatosha. Kilichokuangusha ni mwezi uliouchagua, upepo uliojaza na udongo ambao hukuusoma. Tumeshalisema hili hadi tunaonekana wanoko, lakini bado watu wanauza kiwanja wanunue fremu ya kaboni, kisha wanaifunga matairi membamba ya milimita 32.

Tuanze na mzunguko wenyewe. Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 35, lami yenye malori; pakia baiskeli kwenye gari, hakuna sifa yoyote ya kuvuta moshi wa dizeli. Muheza hadi Pangani ni kama kilomita 45, na hapo ndipo penye vumbi lako. Pangani hadi Tanga ni kama 50, barabara ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikiwekwa lami, kwa hiyo ihesabu kama njia ya kurudi nyumbani. Mto Pangani utakuwa kusini yako muda mwingi bila kuuona. Vijia vinavyoushukia vipo, na vingi vinaishia kwenye udongo mweusi ambao tutaufikia.

Mwelekeo unaamuliwa na upepo wa baharini. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi inavuma, basi anzia Muheza, shuka Pangani, halafu panda kaskazini kwenda Tanga ukiwa umepewa msukumo mgongoni. Januari na Februari ni zamu ya kaskazi: geuza, toka Tanga kwenda Pangani, kisha ingia bara kuelekea Muheza. Ukikosea hapa utapigana na upepo kilomita 50 ukiwa umeshachoka. Machi hadi Mei ni masika, kaa nyumbani ufue mnyororo. Burton na Speke walipopanda bonde hili kutoka Pangani kwenda Vuga, makao ya Wakilindi waliotawala Usambara, mwaka 1857, walikwenda Februari. Misafara ya pwani nayo ilijua kalenda hiyo kabla yao.

Sasa udongo. Kuna wa aina tatu, na kila mmoja unataka dereva tofauti.

Mwekundu ndio utakaouona zaidi upande wa Muheza. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, na magari yanauchonga mawimbi kama bati la paa. Usitafute katikati ya barabara; pita ukingoni, kwenye mstari mwembamba waliousawazisha wenye baiskeli zao za Phoenix, maana hao ndio wanaoijua barabara. Mvua ikinyesha, juu panakuwa sabuni na chini bado pagumu. Hapo endesha, ila taratibu, na breki ya mbele uisahau kabisa kwenye mteremko.

Mweusi uko mabondeni na kandokando ya vijito. Huu hauishii kuteleza, unanata. Dakika ya kwanza matairi yananenepa, ya pili tope linajaa kati ya tairi na fremu, ya tatu unasikia kitu kinakwaruza nyuma. Ukiendelea kukanyaga, mnyororo unavuta gia ya nyuma hadi iingie kwenye spoki, na kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoishikilia gia kwenye fremu kinakatika. Kimetengenezwa kikatike ili fremu ipone. Kipande hicho kila fremu ina cha kwake, hakiazimwi. Beba cha akiba. Ni chepesi kuliko funguo za nyumba.

Kuupima ni rahisi. Chukua udongo mbichi kiasi cha tonge, usokote kati ya viganja. Ukitoa kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi: shuka, beba baiskeli begani, pita kwenye majani. Ukimeguka, endelea na safari. Sekunde ishirini tu, na mtu wa Dar angeshafika Pangani kwa magurudumu yake.

Wa tatu ni mchanga wa chini ya minazi unapokaribia pwani. Sogea nyuma kwenye siti, legeza mikono, weka gia nyepesi na ukanyage haraka bila kusimama. Anayekata kona ghafla mchangani anakula mchanga.

Tukija kwenye upepo wa matairi, hapa ndipo ubishi unapoanzia. Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 40 yenye tyubu aanze na PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 38 mbele na 42 nyuma. Kwa yasiyo na tyubu, 30 mbele na 33 nyuma. Kila ukiongeza kilo tano za mzigo, ongeza PSI moja nyuma. Mchangani punguza nne au tano, na ukirudi kwenye ugumu zirudishe, usione uvivu. Wengi wanajaza 60 kwa kuogopa pancha. Tairi gumu halimezi jiwe, linalirukia. Mikono inakufa ganzi, chupa zinaruka vishikio, na mwiba unaingia vilevile. Ukipunguza kupita kiasi nako, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili pacha kama jino la nyoka. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba. Ongeza upepo. Na nunua kigeji cha mkononi, kidole gumba si kipimo.

Miiba ya njia hii ina historia yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande huu wa Pangani. Kwa miche hiyo Tanga ikaja kuwa nchi ya mkonge, na mashamba yakajaa kambi za manamba walioletwa kutoka mbali. Mwaka huohuo wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Muheza 1896. Unachorithi wewe ni barabara nyekundu zilizonyooka kati ya mistari ya mkonge, reli zinazokatiza njia, na ncha nyeusi za majani zilizodondoka kutoka kwenye mizigo iendayo korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Reli ikatize kwa pembe mraba, kamwe usiipite kwa mshazari, hasa ikiwa na umande. Barabara za ndani ya shamba ni za mwenye shamba: salimia mlinzi getini, omba kupita, na akikataa geuza bila maneno.

Ncha ya mkonge inahitaji uangalifu wa peke yake. Haifanani na mwiba wa mgunga, ambao unautoa wote ukauona. Hii inaingia kwa mshazari, mara nyingi ubavuni mwa tairi ambako mpira ni mwembamba, halafu inakatikia ndani. Unaziba tyubu, unajaza, unatembea mita mia tano, inashuka tena. Ndiyo hadithi ya pancha mbili za msomaji wetu, tunaweza kuapa. Fanya hivi: kabla ya kutoa tairi, weka alama pale valvu ilipokaa. Toa tyubu, ijaze, tafuta tundu kwa kuipitisha karibu na mdomo. Rudisha tyubu kwenye alama, na tundu litakuonyesha mahali pa kukagua tairi. Kisha futa ndani kwa kitambaa, usitumie vidole, maana ncha itavikata; kitambaa kikinasa nyuzi, umeipata. Isukume kutoka nje kwa ncha ya kisu, ivute kwa koleo dogo. Kwaruza tyubu kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Wenye haraka wanabandika solusheni ikiwa mbichi, na jua la saa sita linakibandua.

Kwa matairi yasiyo na tyubu, weka mililita 60 hadi 80 za maji ya kuziba kila tairi. Kwa joto la pwani yanakauka ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo tikisa gurudumu karibu na sikio kabla ya safari. Usiposikia mchakacho, umebeba mpira mtupu. Tyubu moja ya akiba ibaki begini hata hivyo.

Gia nyepesi kabisa iwe na meno sawa mbele na nyuma, au nyuma yazidi. Mnyororo upake nta au mafuta makavu. Oili ya injini inakusanya vumbi jekundu na kuwa msasa. Maji, lita tatu kwa kila mtu kutoka Muheza. Ukienda mwendo wa kilomita 14 kwa saa, na ndio mwendo wa kweli wa njia hii, kilomita 45 ni zaidi ya saa tatu kabla hujahesabu pancha. Ondoka saa kumi na mbili alfajiri. Usijaze chupa mtoni: karibu na mdomo wake bahari inapanda na mto unakuwa na chumvi. Na usioge, mamba wapo. Kunywa dafu.

Pangani yenyewe usiipite mbio. Mji huu ndio uliowaka mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipotaka kuchukua forodha, na hapa ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa uasi huo, alinyongwa Desemba 1889. Kula wali na samaki, kagua breki, jaza upepo uliopunguza mchangani.

Kwenye njia ya Tanga, ingia Tongoni ukaone msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo. Maji ya hapa mbele ni mafupi: mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama, na mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, wakaichoma moto hapahapa. Baiskeli iache nje ya makaburi, tafadhali. Kuna watu wanaiegemeza kwenye nguzo za karne ya 15 wapige picha.

Ukifika Tanga, kabla ya kuoga wewe, iogeshe baiskeli kwa maji baridi ya bomba bila presha, futa mnyororo ukauke, upake mafuta. Upepo wa kusi umeimwagia chumvi kilomita 50. Ukiiacha hadi asubuhi, utaukuta mnyororo una rangi ya udongo wa Muheza.